Mtandao wa Nyumbani: Tuandike Kabla ya Kuhama

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wakaaji wa mtaa mmoja wa Nakuru. Wakaaji hao walikuwa wamependekeza kuiacha kwa pamoja kampuni inayowauzia mtandao. Tumeyachapisha kwa sababu vikundi vingi vina shida kama yao.)

Nitasema kwa ufupi, maana najua wengine mmeacha sufuria jikoni.

Jambo lililotuleta hapa ni moja. Kila mwezi tunalipia mtandao, na hatuupati vile tunavyoulipia. Watoto wanashindwa kumaliza kazi ya shule. Yuko kijana wetu hapa anayeandikia watu wa ng'ambo kazi akiwa nyumbani. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, kazi hiyo hupewa mtu mwingine, na yeye hukosa pesa ya mwezi. Hilo si jambo la mchezo.

Katika mkutano uliopita wengi mlisema, "Tuhame sote!" Mimi sipingi kuhama. Lakini kuhama ni gharama: kuna pesa za kufungiwa waya, pengine kuna ruta mpya, na kuna siku za kumngoja fundi. Kabla hatujatoa pesa hizo tujiulize: je, tunaihama shida, au tunaibeba twende nayo?

Mtu akienda zahanati akasema "naumwa" halafu akanyamaza, atapewa dawa gani? Daktari atamwuliza: unaumwa wapi? Tangu lini? Ni usiku au mchana? Basi na mtandao ni vivyo hivyo. Kusema "unakwenda polepole" hakutoshi, kwa maana huo si ugonjwa mmoja. Njia ya mtandao ina sehemu nne: nyumba yako, mtaa, nchi, na bahari. Hebu tuziangalie moja moja.

TUNANUNUA NINI?

Lakini kwanza tujue tunachonunua. Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde. Simu na kompyuta zetu, kwa upande wao, huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti. Maneno haya yanafanana lakini si kitu kimoja. Megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hivyo aliyenunua megabiti 10 atapata megabaiti moja na robo kila sekunde. Faili ya megabaiti 100 itamchukua sekunde 80, hata mambo yote yakiwa sawa. Huyo hajaibiwa.

Tena liangalieni lile neno "hadi". Ukiambiwa "hadi megabiti 10", umeambiwa kwamba kasi haitapita kumi. Hukuambiwa haitashuka chini ya ngapi! Hilo ni swali la kuuliza kabla ya kulipa, na jibu uliombe kwa maandishi. Uliza pia kasi ya kupeleka, si ya kupokea tu. Mtu anayefundisha au kufanya mkutano kwa video hutuma picha yake vilevile, na kasi ya kupeleka ikiwa ndogo, wenzake watamwona amegandia kama picha ya ukutani.

SEHEMU YA KWANZA: NYUMBA

Waifai ni mawimbi ya redio. Mawimbi haya hayapendi kuta za mawe, mabati, friji, wala tangi la maji. Nyumba zetu hapa ni za mawe, na kila ukuta hupunguza nguvu.

Kwangu mimi fundi aliiweka ruta nyuma ya televisheni, kwa sababu ndiko waya ulikoingilia. Ninalipia megabiti 10. Nilipopima nikiwa hapo sebuleni, nilipata 9. Nikaenda chumba anachosomea mtoto, kuta mbili mbele, nikapata 2. Sasa niambieni, kampuni mpya ingesaidia nini hapo? Tisa zilikuwa zimefika mpaka sebuleni, zikamezwa na mawe. Tuliitoa ruta huko, tukaiweka juu ya rafu kwenye korido. Chumbani sasa tunapata 7. Hatukulipa hata shilingi.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali, lakini ni ya polepole na hugongana na ya majirani. Yale ya gigahezi 5 yana kasi, lakini huchoka upesi yakikuta ukuta. Ukiwa karibu na ruta tumia ya 5. Ukiwa mbali jaribu ya 2.4.

Njia ya hakika ya kujua kama shida iko ndani ya nyumba ni kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya, kisha kupima. Ukipata kasi kamili kwenye waya, na chumbani hupati, basi usiilaumu kampuni. Ukikosa hata kwenye waya, sasa una neno la kusema.

Kuna pia stima. Waya wa faiba wenyewe hupitisha mwanga, lakini kile kisanduku cha ukutani na ruta vinahitaji umeme. Stima ikipotea, mtandao nao umekwenda. Kuna betri ndogo za kushikilia ruta kwa saa kadhaa. Kwa yule kijana wetu, betri hiyo yaweza kuwa na faida kuliko kuongeza kasi. Ila kabla hujanunua, soma volti zilizoandikwa kwenye ruta yako, kwani nyingi ni 12 lakini si zote.

Na jameni, faiba ni kioo. Usiikunje wala usiifunge kwenye msumari kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiona taa nyekundu iliyoandikwa LOS kwenye kisanduku, jua kwamba mwanga haufiki. Kuzima na kuwasha ruta mara kumi hakutasaidia; piga simu kwa kampuni.

SEHEMU YA PILI: MTAA

Hapa ndipo penye kesi yetu. Waya mmoja wa faiba hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au hata 64. Kutoka hapo njia hukusanyika tena na ya mitaa mingine. Ni kama bomba la maji. Asubuhi ukifungua mfereji, maji yanakuja kwa nguvu. Jioni kila mtu anapofungua, yanadondoka. Kampuni ikiandikisha wateja wengi bila kupanua bomba, wote wataumia saa moja.

Nimepima kwangu kwa wiki mbili, kwa waya, mara tatu kwa siku. Asubuhi napata 9. Mchana 8 au 9. Kati ya saa 2 na saa 4 usiku ni chini ya 3, karibu kila siku. Hapo si ukuta wangu tena. Lakini daftari la nyumba moja ni neno la mtu mmoja, na kampuni yaweza kusema ni ruta yangu.

Wengine mmesema tununue ya setilaiti. Ni kweli imesaidia sana mahali ambapo waya haufiki. Zile za zamani zilikaa juu kiasi cha kilomita 36,000, na jibu lilichukua kama nusu sekunde kurudi. Starlink, iliyoanza kuuza hapa Kenya mwaka 2023, hutumia setilaiti za chini, kama kilomita 550, na jibu huja upesi. Lakini hata huko juu kuna foleni. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, na ikafungua tena mwaka 2025. Kugawana kuko kila mahali.

SEHEMU YA TATU NA YA NNE: NCHI NA BAHARI

Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya mtandao na ng'ambo. Mwaka huo kebo za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, kisha nyingine zikafuata. Kutoka Mombasa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 600 za nchi kavu, na njiani kuna matingatinga ya barabara na watu wanaochimba mitaro.

Bahari nayo si salama. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na Mombasa. Tena Jumapili tarehe 12 Mei, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukalegea Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo wateja wa kampuni nyingi huumia pamoja. Kuhama hakufai. Swali la maana kwa kampuni ni hili: mnatumia kebo ngapi? Mwenye njia moja akizibiwa, amekwama.

HAKI YETU

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike nayo. Inataja pia fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kwa hivyo hatuombi msaada, tunadai tulichonunua. Utaratibu ni kulalamika kwanza kwa kampuni na kupewa nambari ya lalamiko. Wasipotujibu vizuri, tunapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Na huko hatutakwenda na hasira tu, tutaulizwa ushahidi.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi napendekeza hivi:

1. Nyumba 12 zijitolee kupima kwa wiki mbili, mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, na saa 3 usiku. Wapime kwa waya. Wasio na kompyuta, vijana watawapitia.

2. Kila mmoja aandike tarehe, saa, kasi ya kupokea na ya kupeleka. Mtandao ukikatika, aandike ulikatika saa ngapi na ukarudi saa ngapi, na kama stima ilikuwepo.

3. Nyumba zitakazoonekana zina shida ya ndani, tuzisaidie kuhamisha ruta. Hiyo ni kazi ya jioni moja.

4. Zitakazobaki ziandike barua moja kwa kampuni, zote zitie sahihi, na tuwape siku 14 za kujibu.

5. Wasipotengeneza, hapo tuhame. Lakini tusihame sote siku moja. Nyumba mbili zitangulie, zipime mwezi mzima, ndipo wengine wafuate.

Nyumba moja ikilalamika, kampuni husikia kelele. Nyumba 12 zikileta daftari zinazosema jambo lilelile, saa ileile, watalazimika kuleta fundi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

Je, wewe unajua umenunua megabiti ngapi? Mtandao wako huharibika saa gani, na ni chumba gani? Ni nani katika kikundi chenu anayeweza kufundishwa kupima ili awasaidie wengine?