Damu kwenye brosi: tusiache kusugua

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)

 

Sisi ni watu wa Fizi, lakini leo nataka tuongee juu ya fizi zile zingine, zile zinazoshika meno. Mucheke tu, ila musikilize.

Tulipokuwa kambini Nyarugusu, mama yangu aliona damu kwenye brosi. Akaogopa, akasema anajiumiza, akaacha kusugua upande ule. Damu haikuisha. Harufu ikaanza, halafu meno mawili ya mbele yakaanza kucheza. Alipofika kwa muganga, kazi iliyobaki ilikuwa kung'oa. Majirani wakasema ni uzee. Uzee gani? Mama alikuwa na miaka 46.

Kumbe jambo lenyewe liko hivi. Kila siku utando laini wenye vijidudu unajitengeneza juu ya meno, zaidi pale jino linapokutana na ufizi. Usipoutoa, ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu. Hatua hii mara nyingi haiumi, ndiyo maana tunaidharau. Lakini ndiyo hatua inayopona kabisa.

Utando ukikaa, unakuwa mgumu kama jiwe. Huo ni ugaga, na brosi haiutoi tena. Ukiendelea kuachwa, ufizi unaweza kuachana na jino, na mfupa unaolishika unaliwa polepole. Mfupa ule ukishaliwa, haurudi wenyewe. OMS inakadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi umeshika watu zaidi ya bilioni 1 duniani. Hatuko peke yetu.

Basi ukiona damu, usiache kusugua. Sugua vizuri zaidi: brosi laini, dawa ya meno yenye floridi, dakika 2, asubuhi na usiku kabla ya kulala, polepole kwenye mpaka wa jino na ufizi. Brosi haiko? Kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kikalainika kinasaidia, kila mtu na chake. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanatuliza, ila hayatoi ugaga.

Wavutaji, mujue: tumbako inaharibu fizi na tena inaficha ile damu ya kukuonya. Mwenye kisukari na mama mwenye mimba wachunge zaidi, fizi zao zinashikwa upesi.

Vidonge vya kununua farmasi bila muganga, tuviache. Maumivu yanatulia, ugaga unabaki, ugonjwa unarudi. Matibabu yenyewe ni muganga wa meno kukwangua ugaga, juu na chini ya ufizi. Jino likicheza au usaha ukitoka, usikawie. Uso ukivimba pamoja na homa, nenda siku ileile.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Kasha letu la kusaidiana linalipia kung'oa jino. Karatasi hizo mimi mwenyewe nimezipeleka mara nyingi. Kusafisha meno, bado hatujalipia hata mara moja. Maana yake tunangoja mwenzetu apoteze jino ndipo tumsaidie.

Najua mutunza kasha ataniuliza: "Tumulipie mutu asiyeumwa?" Ndiyo, papa. Huyo asiyeumwa bado ndiye tunayeweza kumuokolea jino. Naomba kamati iliweke jambo hili kwenye mkutano ujao: mwanachama mwenye fizi zinazotoka damu, ambaye amesugua vizuri wiki mbili na damu haijaisha, kasha limusaidie nauli na kusafishwa. Nanyi wafadhili, mukitaka kutuongezea nguvu, muanzie hapo.

Leo usiku, kila mutu ashike kioo na taa, ainue mdomo, aangalie. Mama yangu hakuna aliyemuambia. Nyinyi nimewaambia.