Picha Moja ya Watu Wasiokutana



Nimeombwa nieleze kazi inayoendelea pale chini ya mwembe. Kila mmoja anapigwa picha peke yake, kisha wote wanaunganishwa. Si jambo geni. Mwaka 1857, huko Uingereza, Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 zikawa picha moja.

Siku hizi kompyuta huunganisha, lakini jua halina msamaha. Tunapiga saa kumi alasiri, kamera ikiwa kimo kile kile, juu ya alama ile ile ya chokaa. Kivuli cha mmoja kikielekea mashariki na cha mwenziwe kaskazini, hakuna ufundi wa kuficha. Mawingu yakitanda tunaahirisha, hata kama mtu katoka mbali.

Mmeuliza kwa nini wengine mmekaa hewani, na mwingine kabeba kengele kubwa kama nyumba. Ni makusudi. Kama ningewapanga sawasawa benchini, baada ya miaka 20 watoto wetu wangeapa kwamba siku hiyo tulikuwa pamoja.

Marehemu wetu sitawabandika kutoka picha za zamani, ingawa familia mbili zimeniomba. Sisi tuliulizwa tukakubali, wao hawakuulizwa. Kila mmoja atawekewa kiti kitupu, kipigwe saa hiyo hiyo, kiwe na kivuli chake.

Waliobaki ni saba. Kesho saa kumi, tafadhali, na shati liwe jeupe.