Gunia la Juni na Kilo ya Februari: Kuishi kwa Kipato Kidogo Ifakara na Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero ni ghala la mpunga, na bado mwenye kipato kidogo huishi humo kwa gharama kubwa. Anayefika Ifakara mwezi Juni hawezi kuliamini jambo hilo kwa urahisi. Magunia yamepangwa hadi barazani kwenye mashine za kukoboa, na mchele unauzwa kwa bei ambayo mkazi wa Dar es Salaam angeitamani. Akirudi Februari atazikuta kaya nyingi zilezile zilizovuna zikinunua mchele dukani, kilo moja moja, kwa bei iliyopanda. Kodi ya chumba, mboga na nauli za mjini huenda ni nafuu kuliko za jijini, lakini bei kwa jumla si kipimo kinachotosha. Ughali wa bonde hili unatokana na majira: fedha huhitajika kwa wingi wakati haipo, na mali huuzwa kwa wingi wakati haina bei.

Bonde limekaa kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mito inayoshuka kutoka milima hiyo hukusanyika katika Mto Kilombero, ambao ukikutana na Luwegu huwa Rufiji na kuupatia mto huo zaidi ya nusu ya maji yake. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Mei. Machi na Aprili maji huvuka kingo na kutandaa bondeni, na yanapopungua huacha udongo wenye rutuba na madimbwi yenye samaki. Wandamba walijenga maisha yao juu ya mambo hayo mawili, mpunga na uvuvi wa mitumbwi. Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wahehe wamelima pembeni yao kwa muda mrefu, na katika miongo ya karibuni wamefika Wasukuma na wafugaji wengine. Soko lao wote ni Ifakara.

Kalenda ya mpunga ndiyo kalenda ya mfuko. Mashamba hutayarishwa na kupandwa kati ya Desemba na Februari, palizi hufuata, na mavuno huja kati ya Mei na Julai. Kwa hiyo matumizi makubwa ya kilimo hutangulia mapato kwa miezi mitano au sita. Januari hudai kila kitu kwa pamoja: kukodi trekta au jembe la ng'ombe, kununua mbegu, kuwalipa vibarua. Mwezi huohuo shule hufunguliwa. Elimu bila malipo, iliyoanza 2016, iliwaondolea wazazi ada katika shule za umma hadi kidato cha nne, na huo ulikuwa msaada mkubwa kwa kaya za namna hii. Sare, viatu, madaftari na begi vimebaki juu ya mzazi, navyo havingoji mavuno. Wakati huo mpunga uliowekwa ndani kwa ajili ya chakula umekwisha au unakaribia kwisha.

Hapo ndipo mpunga unapouzwa ukiwa bado kijani. Mwenye fedha humkopesha mkulima kwa makubaliano ya kulipwa gunia wakati wa kuvuna. Hesabu ya mfano inatosha kuonyesha uzito wake. Mkulima aliyepokea shilingi 40,000 Februari na kulipa Juni gunia lenye thamani ya shilingi 80,000 sokoni amelipa maradufu kwa miezi minne, na hakuna benki ya Tanzania inayotoza riba ya kiwango hicho. Lakini mkopeshaji wa kijijini haombi hati ya nyumba wala mdhamini, na hutoa fedha siku hiyohiyo mtoto anapougua au palizi inapochelewa. Kumwita mkulima huyo mjinga, kama inavyosikika mara kwa mara katika semina za ujasiriamali, ni kumkosea haki. Palizi ikichelewa wiki mbili magugu huumeza mpunga, na hasara yake huweza kuzidi riba. Anachagua hasara iliyo ndogo kati ya mbili zilizo mbele yake.

Mavuno yakifika, madeni yaliyofungwa tangu Februari hudaiwa siku moja. Wanunuzi wa nje huja na malori wakijua hivyo. Gunia hujazwa hadi kushonwa kilemba, yaani lumbesi, ingawa sheria ya vipimo inaikataza, na muuzaji hupoteza debe zima bila kulipwa. Angeweza kusubiri kama angekuwa na mahali pakavu pa kuweka mpunga na fedha kidogo ya kuvukia miezi mitatu. Angeweza pia kuukoboa kwanza: kilo 100 za mpunga mkavu hutoa karibu kilo 65 za mchele, na pumba ni chakula cha kuku na nguruwe. Kinachomrudisha nyuma ni deni. Sheria ya stakabadhi ghalani ipo tangu 2005, nayo inamruhusu mkulima kuhifadhi mazao na kukopa kwa dhamana ya stakabadhi yake, ila inamfaa aliyevuna mpunga ambao bado ni wake.

Kuna gharama nyingine ambayo mgeni haioni kwa sababu haina bei ya sokoni. Mashamba mengi yako mbali na nyumba, wakati mwingine mwendo wa saa kadhaa kwa miguu au baiskeli. Mpunga unapoanza kutoa punje, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na usiku nguruwe pori na viboko huingia. Kwa hiyo familia huhamia shambani kwa wiki au miezi, hulala katika vibanda vya nyasi, na kuamia ndege kutoka juu ya dungu tangu alfajiri. Kaya moja hubeba majiko mawili. Watoto hukosa shule au huachwa nyumbani na bibi. Zahanati huwa mbali zaidi wakati uleule ambao mbu ni wengi kuliko majira yote ya mwaka.

Afya kwa hiyo ni sehemu ya bajeti, na Ifakara ina historia ya pekee katika jambo hili. Maabara ndogo ya Waswisi iliyofunguliwa mjini hapo katika miaka ya 1950 na Rudolf Geigy wa Basel, jirani na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko, ilikua hadi kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kuanzia miaka ya 1990, watafiti wake waliuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu kupitia mradi wa KINET, kisha wakapima matokeo. Ripoti iliyochapishwa 2001 ilionyesha kuwa vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Matokeo hayo yalisaidia kuleta Hati Punguzo ya 2004, iliyompunguzia mama mjamzito bei ya chandarua nchini kote. Kwa kaya yenye kipato kidogo, chandarua kina faida nyingine: homa isiyokuja wakati wa palizi ni siku tano za kazi zilizookolewa na gunia lisilouzwa likiwa kijani. Bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, ilitengenezwa kwa ajili ya watu hawa. Ugumu wake ulikuwa uleule wa majira, kwa kuwa shilingi 30,000 hupatikana kirahisi Julai na kwa shida kubwa Machi.

Mkazi wa mjini asiye na shamba naye anaishi kwa kalenda hii, hata kama analipwa kila mwezi. Mlinzi, mhudumu wa duka, mama lishe na dereva wa bodaboda hupata wateja wengi mpunga ukiwa sokoni na wachache mvua zikiwa kali. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mahitaji ya kila siku hununuliwa kwa vipimo vidogo: mafuta ya kula kwa kipimo cha kijiko kikubwa, mkaa kwa kopo, sukari robo kilo. Kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji wa pili au wa tatu ndani yake, hivyo asiye na fedha ya gunia la mkaa huulipia mkaa uleule zaidi ya mwenye nayo.

Takwimu za taifa zinasaidia kuupima mzigo huo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini yake. Kaya yenye mahitaji ya watu wazima watatu ilihitaji basi shilingi 147,960. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000. Mfanyakazi wa shamba anayelipwa kisheria, bila kukosa hata siku moja, hakuweza kuivusha kaya hiyo mstari uliowekwa kwa bei za miaka mitano nyuma. Amri mpya ya mishahara imepandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kuanzia Januari 2026, nayo ni hatua njema. Lakini kibarua wa palizi anayelipwa kwa kipande mara nyingi hafikiwi na amri hizo.

Usafiri ndio uliokuwa ukipandisha bei ya kila kitu kinachotoka nje ya bonde. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa 1976, ilikuwa njia ya kwanza ya uhakika. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu reli hiyo, alizisoma stakabadhi za vifurushi katika vituo vya eneo hili na kuonyesha jinsi wafanyabiashara wadogo walivyoitumia kupeleka mpunga, ndizi na bidhaa nyingine kwenye masoko. Treni zilipopungua, mizigo ilihamia barabara ya vumbi iliyogeuka tope kila masika. Kusini mwa Ifakara kulikuwa na kivuko cha kwenda Mahenge na Malinyi, na maji yakizidi, watu na mizigo vilikwama ng'ambo. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384 na lililozinduliwa 2018, lilimaliza kadhia hiyo, na lami ya kilomita 66.9 kutoka Kidatu hadi Ifakara ilizinduliwa 2024. Lami huleta sabuni na saruji kwa nauli ndogo, na huleta pia malori mengi zaidi ya kununua mpunga Juni. Mwenye ghala atanufaika mara mbili.

Ardhi nayo imebanwa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa 1992, eneo oevu la bonde likaingia katika orodha ya Ramsar 2002, na mashamba makubwa ya miwa na misaji yamechukua sehemu nyingine. Kila mgawo una sababu yake, na uhifadhi wa misitu ndio unaolinda maji yanayozungusha mitambo ya Kidatu, yenye megawati 204, na Kihansi, yenye megawati 180. Kwa mkulima mdogo matokeo yake ni kodi ya ekari inayolipwa kabla ya kupanda, tena katika miezi mikavu ya mfuko. Wala kuzalisha bidhaa hakumpi mkazi nafuu ya bei. Mvua kubwa zilipozuia uvunaji wa miwa mwanzoni mwa 2024, sukari nchini ilipita shilingi 4,000 kwa kilo katika maeneo mengi, na wanaoishi jirani na kiwanda cha Kilombero walipanga foleni moja na Watanzania wengine.

Wenyeji hawakukaa kimya mbele ya kalenda hii. Wengi hulima mahindi ya muda mfupi na mboga kwenye unyevu unaobaki maji yakipungua, hukausha samaki kwa moshi, hufuga bata wanaojitafutia wenyewe, na hupanda mpunga wa mbegu ya SARO 5 kwa ajili ya soko huku wakibakiza Supa kwa ajili ya kula na kwa wanunuzi wanaolipia harufu yake. Chombo chenye nguvu kuliko vyote ni kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kama VICOBA. Wanachama, wengi wao wanawake, hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Kikundi kinachovunja mzunguko Julai huwapa wanachama fedha wakati kila mtu anayo. Kinachovunja mwanzoni mwa Januari huwapa fedha ya palizi na sare, na mpunga wao hubaki wao.

Halmashauri nazo zina chombo cha namna hiyo. Tangu 2018 sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Katika Bonde la Kilombero mkopo wa kilimo utolewe Desemba, marejesho ya kwanza yadaiwe Septemba, na kila kijiji kinacholima mpunga kiwe na ghala lenye mizani iliyokaguliwa.