Rula ya Sentimita 30: Jinsi ya Kujua Cheni ya Pikipiki Imefika Mwisho

Maelezo ya mafunzo kwa wahudumu wa bodaboda, Membley, Ruiru



Mada ya leo ni kifaa kimoja tu cha pikipiki, nacho ni cheni. Tairi likiisha kila mtu huliona: mhudumu, abiria na hata askari wa trafiki. Breki zikiisha hupiga kelele. Lakini cheni huisha polepole, milimita kwa milimita, na kwa kuwa pikipiki bado inatembea, mwenyewe huamini kwamba mambo ni sawa. Wengi hujua cheni imekwisha siku inapokatika, na siku hiyo huwa imechelewa.

Kazi ya bodaboda hapa Membley ina sura mbili. Ndani ya mtaa ni safari fupi: kutoka kwenye lango la nyumba hadi dukani, kutoka shuleni hadi nyumbani, kusimama na kuondoka, kupanda tuta na kushuka. Kila mhudumu anapofungua mafuta ili aondoke, cheni huvutwa kwa nguvu. Sura ya pili ni nje ya mtaa, kwenye Barabara Kuu ya Thika na Eastern Bypass, ambako pikipiki hugawana barabara na matatu, mabasi na malori yaliyobeba mawe na kokoto. Cheni inachoka katika sura ya kwanza, lakini mara nyingi balaa hutokea katika sura ya pili.

Cheni ikikatika kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. La kwanza ni kudondoka barabarani, pikipiki ikakosa nguvu ghafla katikati ya magari. La pili ni kujikunja mbele, kwenye sproketi ndogo, ikapasua kava ya injini na kumwaga oili. La tatu ndilo baya zaidi: kujisokota nyuma na kulifunga gurudumu likiwa kwenye mwendo. Mhudumu aliyembeba mama na mtoto wake hawezi kuchagua ni lipi kati ya hayo matatu litampata. Anachoweza kuchagua ni kubadilisha cheni kabla ya siku hiyo.

Kwa nini cheni hurefuka

Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba ni raba. Chuma chake hakivutiki hivyo. Cheni ya pikipiki ni ya aina iliyobuniwa mwaka 1880 na mhandisi Hans Renold katika mji wa Manchester, Uingereza. Kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayokaa kwenye jino la sproketi. Vumbi na mchanga vikiingia kati ya pini na bushi, vinasaga kama tupa. Pini inakuwa nyembamba, tundu la bushi linakuwa pana, na kila pingili inaongeza nafasi kidogo sana.

Hesabu ndiyo inayoshangaza. Cheni ya pingili 120 ikipata nafasi ya robo ya milimita tu kwa kila pingili, kwa jumla imerefuka milimita 30, yaani sentimita 3. Ni vigumu kwa jicho kuitambua robo ya milimita kwenye pingili moja, ndiyo maana kuangalia kwa macho pekee hakutoshi.

Kipimo cha rula

Kifaa cha kupimia cheni kiko katika kila nyumba yenye mwanafunzi: rula ya sentimita 30.

Kwanza, mhudumu anasoma namba iliyopigwa kwenye ubavu wa pingili. Pikipiki nyingi ndogo zinazofanya kazi ya bodaboda hutumia cheni ya 428. Katika cheni hiyo, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni milimita 12.7, ambayo ni nusu inchi. Pingili 20 zikiwa mpya ni milimita 254, yaani sentimita 25.4. Cheni ya 420 ina kipimo hicho hicho. Cheni ambayo namba yake inaanza na 5 ni kubwa zaidi, na vipimo vya hapa haviihusu.

Pili, anasimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, anazima injini na kutoa ufunguo. Hili halina mjadala. Vidole vimekatwa na cheni iliyokuwa ikizunguka huku injini ikinguruma. Kisha anaifuta cheni ili pini zionekane.

Tatu, anaingiza gia ya kwanza na kulisukuma gurudumu la nyuma kwa mkono kuelekea mbele hadi likatae. Cheni ya upande wa chini inakazika. Mtu wa pili anashika gurudumu lisirudi.

Nne, anahesabu pini 21, kwa sababu kati ya pini 21 kuna nafasi 20. Anaweka sifuri ya rula kwenye ukingo wa kushoto wa pini ya kwanza, na anasoma kwenye ukingo wa kushoto wa pini ya 21. Anapima sehemu tatu tofauti, akizungusha gurudumu kila mara, kwa kuwa cheni haiishi sawasawa kote. Kipimo kirefu kuliko vyote ndicho cha kuamini.

Majibu yako matatu:

Sentimita 25.4 hadi 25.6: cheni bado iko katika hali nzuri.

Sentimita 25.7 hadi 25.8: cheni imevuka nusu ya maisha yake. Huu ndio wakati wa kuanza kuweka akiba ya seti mpya.

Sentimita 25.9 au zaidi: cheni imerefuka kwa takriban asilimia 2. Imefika mwisho, hata kama haijapiga kelele hata mara moja.

Dalili nyingine

Zipo dalili ambazo hazihitaji rula. Cheni ikishikwa mahali ilipozunguka nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuvutwa kuelekea nyuma, haipaswi kuachana na meno. Ikiinuka hadi zaidi ya nusu ya jino ikaonekana, imekwisha.

Meno ya sproketi nayo hutoa ushahidi. Jino zima lina pande mbili zinazofanana. Jino lililoliwa limeinama upande mmoja kama ndoana, na ncha yake ni kali.

Pingili zilizokauka na kukataa kukunjika, rola iliyopasuka au kupotea, na unga mwekundu wa kutu unaotoka kwenye pini, yote ni maneno ya cheni inayoaga. Vivyo hivyo, cheni inayolegea upande mmoja na kukaza upande mwingine gurudumu linapozungushwa. Mhudumu akiikaza kwa sehemu iliyolegea, sehemu iliyokaza itavunja beringi za gia. Akiikaza kwa sehemu iliyokaza, iliyolegea itaruka meno. Cheni ya namna hiyo haikaziki tena, dawa yake ni kuitoa.

Ujanja wa kupunguza pingili

Kuna tabia iliyoenea ambayo inafaa kusemwa waziwazi. Adjasta za nyuma zikifika mwisho na cheni bado imelegea, mhudumu huomba aondolewe pingili mbili. Kazi ni ya dakika chache, gharama ni ndogo, na cheni inarudi kukaza kama mpya.

Lakini pingili mbili za cheni ya 428 ni milimita 25.4. Mhudumu akikumbuka ile hesabu ya juu, cheni ya pingili 120 iliyofika mwisho imerefuka takriban milimita 30. Kwa hiyo cheni inayokubali kupunguzwa pingili mbili imekwisha tayari, au imebakiza kidogo sana. Urefu umepungua, lakini pini ni zile zile nyembamba na bushi ni zile zile pana. Nafasi kati ya rola na rola imekuwa kubwa kuliko nafasi ya meno, hivyo rola hupanda juu ya jino badala ya kukaa chini yake. Pesa iliyookolewa kwa cheni hulipwa kwa sproketi, na wakati mwingine kwa kava ya injini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mafundi nao wanaombwa wawe wakweli kwa wateja. Fundi anayepima kwa rula mbele ya mteja na kumwonyesha sentimita 25.9 hapotezi kazi. Anapata mteja atakayerudi.

Seti, si kipande

Cheni hubadilishwa pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya ikiwekwa juu ya meno yaliyoliwa, meno hayo huilazimisha kurefuka haraka, na baada ya muda mfupi mhudumu anarudi dukani.

Sproketi ndogo ya mbele ndiyo inayoumia zaidi. Kwa mfano, kama ya mbele ina meno 14 na ya nyuma meno 42, ya mbele huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Gurudumu la kawaida la bodaboda huzunguka zaidi ya mara 500 kwa kilomita moja, hivyo kila jino la mbele huuma cheni zaidi ya mara 1,500 kwa kilomita. Mhudumu anayetembea kilomita 100 kwa siku ameuma mara 150,000 na zaidi kabla ya kulala.

Wakati wa kufunga seti mpya, klipu ya kuunganishia ikaguliwe. Upande wake uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda, na upande ulio wazi uwe nyuma. Ikigeuzwa, jiwe moja tu linaweza kuichomoa. Alama za adjasta za kushoto na kulia zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande na kula sproketi ubavuni. Baada ya siku chache za kazi cheni ikaguliwe tena, kwa sababu cheni mpya hulegea kidogo inapozoea.

Kuipa cheni maisha marefu

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini si mafuta ya cheni. Ina masizi na unga wa chuma, na hunasa vumbi. Mafuta ya gia ya namba 90 yanafaa zaidi. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, si kwa petroli, kisha ikaushwe na kutiwa mafuta kwa upande wa ndani, injini ikiwa imezimwa. Wakati mzuri ni jioni baada ya kazi, cheni ikiwa bado na joto, ili mafuta yapate usiku mzima kupenya hadi kwenye pini. Wakati wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, maji na tope huosha mafuta yote, na cheni huhitaji kutiwa mafuta mara nyingi zaidi.

Ulegevu nao uwe wa kiasi. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni ikisukumwa juu na chini katikati inapaswa kucheza milimita 20 hadi 30, lakini kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko chake ndicho cha kufuata. Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa si salama zaidi. Mzigo ukiongezeka na pikipiki ikazama, inakazika kupita kiasi, na beringi ndizo zinazolipa.

Daftari la steji

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila steji inaweza kuwa na rula moja, brashi moja na daftari moja. Siku moja katika mwezi, kabla ya kazi, kila pikipiki inapimwa, na yanaandikwa mambo matatu: tarehe, kilomita zilizosomeka kwenye mita, na kipimo cha cheni. Baada ya miezi michache daftari litamwonyesha kila mhudumu cheni yake huchukua muda gani kutoka 25.4 hadi 25.7. Mwenye mkopo wa pikipiki atajua mapema mwezi wa kununua seti, na gharama haitamkuta siku ambayo hana kitu mfukoni. Chama cha steji nacho kinaweza kununua seti kadhaa kwa pamoja na kuomba bei nafuu.

Abiria pia ana nafasi yake. Anaposikia cheni ikigonga kava au kuruka meno pikipiki inapopanda mlima, amwambie mhudumu kwa heshima. Na mhudumu akiambiwa, asikasirike. Aliyekaa nyuma anabeba hatari ile ile.

Kwa ufupi: pini 21, nafasi 20, rula moja. Ikisomeka 25.7, akiba ianze. Ikisomeka 25.9, pikipiki isimame hadi seti mpya ifungwe. Siku moja ya kusimama kwa fundi ni nafuu kuliko miezi ya kulala hospitalini, na Membley inawahitaji wahudumu wake wakiwa wazima, wao na abiria wao.