Panga Kwanza Safari ya Kurudi: Mazungumzo Kuhusu Kuzuru Viwanda Vidogo vya Bia Jijini Nairobi

Huenda baadhi yenu mmeshangaa kusikia taasisi ya umma, iliyopewa dhamana ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa, ikizungumzia matembezi ya kuonja bia. Hatukuja kuwahimiza mnywe, wala hatukuja kuwakemea. Tumekuja kwa kuwa matembezi haya yameshika mizizi jijini, na mtu mzima aliyeamua kuyafanya anastahili kujua analipia nini, anakunywa nini, na atafikaje nyumbani akiwa salama.

Bia ya kiwandani si jambo geni Nairobi. Kampuni ya Kenya Breweries ilianza kazi Ruaraka mwaka 1922, na kwa miongo mingi mnywaji alizoea ladha chache zisizobadilika. Katika miaka ya karibuni vimechipuka viwanda vidogo vinavyopika bia kwa mafungu madogo. Malighafi ni zilezile: maji, kimea cha shayiri, hopsi na chachu. Lakini kila mpishi wa bia huwa na mkono wake, na aghalabu bia uliyoionja mwezi uliopita si ile utakayoikuta leo. Hapo ndipo utamu wa matembezi ulipo, na hapo pia ndipo mtumiaji anapohitaji kuwa macho.

Anayetembezwa na kampuni ya utalii huandaliwa gari, saa na bei. Anayejitembeza mwenyewe huyabeba hayo yote. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza unahusu mwisho wa safari: panga njia ya kurudi kabla ya kuchagua mahali pa kuanzia. Liacheni gari nyumbani. Ikiwa ni lazima liende, dereva asionje hata tone, na jambo hilo likubaliwe mchana, kila mmoja akiwa na akili zake timamu. Mkitegemea teksi, tengeni nauli ya kurudi mbali na fedha za matumizi, na simu ya mmoja wenu ibaki na chaji. Mkitegemea matatu, ulizeni mapema gari la mwisho la njia yenu huondoka saa ngapi. Bodaboda ya usiku kwa mtu aliyekunywa hatuipendekezi hata kidogo: abiria aliyelewa hushindwa kujishikilia, na barabara haimsubiri.

Baada ya hapo, chagueni vituo. Vituo viwili au vitatu vinatosha kwa siku moja. Chagueni vilivyo katika mtaa mmoja au mitaa inayopakana, kwani anayeanza Westlands akapitia Industrial Area na kumalizia Karen atatumia jioni yake kwenye msongamano wa magari. Pigeni simu kabla ya kutoka. Baadhi ya viwanda huwa na baa yake lakini mitambo huonyeshwa kwa miadi tu. Vingine havipokei wageni kabisa. Kumbukeni pia saa za sheria. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, baa yenye leseni ya kawaida huuza pombe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku mwishoni mwa wiki na siku za mapumziko ya umma. Leseni za hoteli na mikahawa zina masharti yake, kwa hiyo ulizeni. Sheria hiyo pia inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya umri wa miaka 18. Basi bebeni vitambulisho. Na mkiahidiwa kuingia penye mitambo, vaeni viatu vilivyofunika vidole, maana sakafu ya mahali hapo mara nyingi huwa na maji na huteleza.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kileo nacho kina daftari lake. Glasi ndogo za kuonjea humdanganya mnywaji kwa udogo wake. Tuchukue mfano. Umeagiza glasi nne za mililita 150 kila moja, na bia zote zina kileo cha asilimia 6. Umekunywa mililita 600, ambazo ndani yake mna mililita 36 za kileo halisi. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo glasi zile nne "za kuonja tu" zimeipita chupa nzima, na ukizirudia katika vituo vitatu utakuwa umekunywa mililita 108, yaani zaidi ya chupa nne.

Mwili hauna haraka. Kwa wastani, ini huondoa takribani mililita 10 za kileo kwa saa, na hutofautiana kati ya mtu na mtu. Aliyeanza saa tisa alasiri na kumaliza mililita 108 huenda bado akawa na kileo mwilini hadi usiku wa manane. Kahawa haitausaidia mwili kukiondoa haraka, wala maji baridi ya kuoga. Kinachosaidia ni kunywa kidogo tangu mwanzo. Gawaneni seti moja ya kuonja watu wawili. Kuleni chakula kabla ya glasi ya kwanza. Kunyweni maji kati ya bia na bia. Na mnywaji asione haya kuacha bia isiyomfurahisha. Asome kiwango cha kileo kwenye ubao au aulize, kwani bia mbili zenye rangi moja zaweza kutofautiana maradufu kwa ukali. Mama mjamzito asionje kabisa. Anayetumia dawa amuulize kwanza daktari au mfamasia wake.

Daftari la pili ni la fedha. Kabla ya kuagiza, ulizeni maswali matatu: glasi hii ina mililita ngapi? Bei hii imejumlisha kodi na ada ya huduma? Na ziara ya mitambo inalipiwa peke yake? Glasi ya bei nafuu yenye mililita 300 yaweza kuwa ghali kuliko ya nusu lita ukigawanya bei kwa ujazo. Lipeni katika kila kituo kabla ya kuondoka, na mkilipa kwa simu, someni jina la biashara na kiasi kabla ya kuweka namba ya siri. Ombeni risiti. Bila risiti, malalamiko huwa maneno matupu.

Kuhusu ubora, kuna methali isemayo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa za jana zisiwafunge macho leo. Kuna bia zinazotengenezwa makusudi ziwe na uchachu, basi ulizeni kabla ya kuilaumu. Lakini bia ya kawaida inayonuka siki, au yenye harufu nzito ya siagi, huenda imeharibika au imepita katika mabomba yasiyosafishwa. Irudisheni kwa upole mkiwa mmeonja kidogo tu; aliyemaliza glasi amepunguza uzito wa hoja yake. Mkinunua chupa ya kwenda nayo nyumbani, tazameni tarehe, kiwango cha kileo na stempu ya ushuru, ambayo mnaweza kuithibitisha kwa programu ya simu iitwayo Soma Label.

Haki hizi si fadhila ya muuzaji. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili kunufaika nazo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inaikataza biashara kumpotosha mteja. Mwelezeni msimamizi kwanza, wakati huohuo. Asipowasikiliza, andikeni tarehe, mahali na mlichoambiwa, mkaambatanishe risiti, kisha mlete lalamiko kwetu.

Mabibi na mabwana, siku ya matembezi haya hupimwa asubuhi inayofuata. Ikiwa kila aliyetoka nanyi ameamka kitandani mwake, anakumbuka ni bia ipi iliyompendeza, na fedha za wiki bado zipo, mmeipanga vyema. Basi kabla ya kuulizana mtaanzia wapi, ulizaneni mtarudi vipi.