Stilwaya Nayo Hutunzwa

Mazungumzo na wakazi wa Heru Juu, Kasulu, kuhusu vifaa vya chuma vya kusugulia vyombo



Tumekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo, kinachonunuliwa kwa fedha kidogo na kutumiwa kila siku bila mtu kukitazama mara mbili: stilwaya ya kuoshea vyombo. Huenda mtu akajiuliza iwapo taasisi ya umma imekosa la kusema hata ije kutufundisha kusugua sufuria. Ndugu zetu, kusugua mnakujua kuliko sisi. Tulilokuja nalo ni hili: kifaa kinachosafisha nacho huchafuka, nacho huchakaa, na kisipotunzwa hutia ndani ya chakula kitu ambacho hakikupaswa kuwamo. Unyuzi mmoja wa chuma, mfupi kama punje ya mchele na mwembamba kama unywele, ukibaki katika sufuria ya maharage hauonekani, mpaka ufike kooni mwa mtoto.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2012, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilichapisha taarifa ya wagonjwa sita waliohudumiwa katika mji wa Providence kati ya mwaka 2011 na 2012. Wote walikuwa wamekula nyama iliyochomwa juu ya wavu uliosuguliwa kwa brashi ya nyuzi za chuma. Nyuzi zilikatika kwenye brashi, zikabaki juu ya wavu, zikaingia katika nyama. Madhara yake yalikuwa kuanzia kuchomwa kwa nyama laini za shingoni hadi kutobolewa kwa utumbo, jambo lililohitaji upasuaji wa dharura. Brashi ile na stilwaya yetu ni ndugu. Wenye majiko ya nyama choma na mama lishe wetu walisikie hili kwa makini.

Zinafanana machoni, hazifanani kwa tabia

Dukani utakuta stilwaya zimetundikwa pamoja, zote zinang'aa, zote zinaitwa jina moja. Kwa kweli ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni ile ya nyuzi laini mno, kama pamba ya kijivu. Hiyo ni chuma cha kawaida. Husugua vizuri, lakini ikilala na maji usiku mmoja huamka na kutu. Ya pili ni ya utepe uliojisokota, iliyotengenezwa kwa chuma cha kawaida na kupakwa zinki. Ikiwa mpya huwezi kuitofautisha na iliyo bora. Zinki ikishaisha kwa kusuguliwa, chuma kilichofichwa ndani huanza kuoza. Ya tatu ni ya chuma kisichoshika kutu, ambacho madukani huitwa stenlesi.

Chuma hiki cha tatu kina siri moja. Ndani yake mna madini ya kromiamu, si chini ya asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na hewa huunda utando mwembamba sana juu ya chuma, na utando huo ndio ngao yake. Ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe, mradi upate hewa na usafi. Kwa hiyo jina lake lisitudanganye. Hakishiki kutu kwa urahisi, lakini kikinyimwa hewa, kikifunikwa na mafuta na kulazwa katika maji ya chumvi, nacho hushikwa.

Wengi hupima kwa sumaku, wakisema kinachonaswa si stenlesi. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu ziko aina halali za chuma hiki zinazonaswa na sumaku. Kipimo bora cha nyumbani ni maji ya chumvi. Lowesha kipande cha kitambaa cheupe kwa maji ya chumvi, funga ndani yake stilwaya mpya, uiache hadi asubuhi. Kitambaa kikipata madoa ya rangi ya kahawia, umenunua chuma cha kawaida. Hiyo haina maana kwamba umedhulumiwa, ila kama uliambiwa ni stenlesi na ukalipa bei ya stenlesi, hapo umedhulumiwa.

Adui zake watatu

Nchi hii ya Buha si ngeni kwa chuma wala kwa chumvi. Wahunzi wake walifua majembe kabla ya maduka kuwapo, na chumvi ya Uvinza imechemshwa kutoka katika chemchemi zake kwa zaidi ya miaka 1000. Mkulima yeyote hapa anajua kwamba jembe lililoachwa na udongo wa mvua huliwa na kutu. Stilwaya haina tofauti.

Adui wa kwanza ni unyevu usiokauka. Nyanda hizi za juu hupata mvua kwa miezi mingi, na jikoni hukaa na ubaridi. Stilwaya iliyolazwa katika kopo lenye maji ya sabuni haikauki kamwe. Mabaki ya ugali na mafuta ya mawese yaliyonasa ndani huoza, vijidudu huzaliana, na kesho yake tunavipaka katika sahani tunazodhani tunaziosha.

Adui wa pili ni chumvi na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Vyote viwili hutoboa ule utando wa ngao na kuacha vishimo vidogo. Kutu kidogo si sumu kali. Ubaya wake ni kwamba unyuzi uliotobolewa hukatika. Usiloweke stilwaya katika dawa ya klorini ukidhani unaiua vijidudu. Maji ya moto yanatosha.

Adui wa tatu ni kuchanganya. Stilwaya ya chuma cha kawaida ikikaa pamoja na ya stenlesi, au ikitumika juu ya sufuria ya stenlesi, huacha chembe zake. Chembe hizo hushika kutu, na mwenye sufuria hulalamika kwamba ameuziwa bidhaa bandia, kumbe kutu imetoka katika kifaa cha kusugulia.

Utunzaji wa kila siku

Kabla ya kusugua, loweka. Ukoko wa ugali ulioloweshwa kwa maji ya moto hutoka kwa mwiko wa mti. Kila ukoko unaotoka bila stilwaya ni siku moja zaidi ya maisha yake.

Ukimaliza kusugua, itikise ndani ya maji ya moto yenye sabuni, ifungue kidogo kwa vidole ili mabaki yatoke, isuuze kwa maji safi, ikung'ute, kisha itundike mahali penye hewa. Msumari mmoja ukutani au kamba ya kuanikia inatosha. Mara moja kwa wiki ichemshe kwa dakika kama kumi. Ikiwa imeshika ukungu mweupe wa maji magumu, itie katika maji ya vuguvugu yenye limau kwa muda mfupi, kisha isuuze vizuri.

Kila kazi iwe na stilwaya yake. Moja ya ndani ya sufuria, nyingine ya masizi ya nje. Iliyosugua masizi, jembe au sakafu isirudi tena katika chombo cha chakula, hata ioshwe namna gani.

Kila wiki, baada ya kuichemsha, ikague. Ivute taratibu juu ya karatasi nyeupe, kisha uigonge mara mbili. Ikidondosha hata kipande kimoja, au ikiwa na ncha zilizokatika au doa la kutu, muda wake umekwisha. Tusihesabu siku wala wiki; hali yake ndiyo ituamulie.

Na hapa tunawaomba sana jambo moja. Usikate stilwaya vipande viwili ili kugawana na jirani, wala usinunue iliyokatwa. Tunajua inafanyika, na inafanyika kwa nia njema ya kubana matumizi. Lakini utepe uliosokotwa ukiwa mzima una ncha chache. Ukiukata kwa mkasi unazaa ncha nyingi fupi zisizoshikwa na chochote. Fedha inayookolewa hapo haitoshi nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali.

Mahali ambapo stilwaya haifai

Usiitumie ndani ya chupa ya chai, chupa ya maziwa ya mtoto, au chombo chochote chenye shingo nyembamba. Jicho haliwezi kukagua humo, na kipande kikikatika hakitoki. Kwa chupa ya namna hiyo, tia kijiko kimoja cha mchele mbichi na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, zungusha na kutikisa polepole, mwaga, kisha suuza mpaka punje ya mwisho itoke. Mchele hufanya kazi ileile ya kusugua kwa kubingirika, nao ukibaki punje moja, haumdhuru mtu. Usitumie mchanga: hukwaruza kioo cha ndani, na kioo kilichokwaruzwa huweza kupasuka.

Usiitumie pia kwenye kikaango chenye tabaka lisilogandisha, wala kwenye koki ya bomba. Koki nyingi ni shaba iliyopakwa rangi ya fedha, na tabaka hilo likikwanguliwa halirudi. Shaba tupu iliyofifia isafishe kwa limau na majivu laini, kwa kitambaa, kisha uisuuze na kuikausha.

Baada ya kutumia stilwaya katika chombo chochote cha chakula, suuza mara mbili, pangusa kwa kitambaa cheupe, na ukiinamishe chombo kwenye mwanga wa dirisha. Kazi hiyo haizidi dakika moja. Kwa wavu wa nyama choma, pangusa kwa kitambaa kilicholowa kabla ya kuweka nyama.

Ikitokea ajali

Mtu akihisi kuchomwa kooni wakati wa kula, desturi yetu ni kumpa tonge kubwa la ugali alimeze ili lisukume. Kwa unyuzi wa chuma, tonge huweza kuuzamisha zaidi. Mwache asile, mpeleke kituo cha afya, na mweleze mganga waziwazi kwamba chombo kilisuguliwa kwa stilwaya. Neno hilo moja humwelekeza atafute nini katika picha ya eksirei. Maumivu ya tumbo yanayoanza baadaye na kuzidi yasipuuzwe pia.

Stilwaya iliyokwisha isitupwe kwenye majani wala kwenye jaa ambako mifugo hupita. Ng'ombe hachambui chakula mdomoni; humeza waya pamoja na nyasi, nao hutua katika tumbo lake la pili, huweza kulitoboa na kufika hata kwenye moyo. Ifunge katika karatasi, uitie katika kopo lenye kifuniko, na kopo likijaa lifukiwe mbali na malisho. Zile za nyuzi laini zikae mbali na betri za sola na za tochi: zikigusa ncha mbili za betri huwaka moto papo hapo.

Haki yako dukani

Mlaji ana haki ya kupewa taarifa za kweli na haki ya kuwa salama. Nunua stilwaya iliyo katika pakiti yake, soma imeandikwa nini, ona kama ina jina la mtengenezaji. Omba risiti hata kwa kitu kidogo, na utunze pakiti mpaka utakapoijua bidhaa. Ikiwa uliyoambiwa siyo uliyoyapata, rudi kwanza kwa muuzaji kwa lugha njema. Mara nyingi naye alidanganywa alikonunua. Msipoelewana, mwone afisa biashara wa halmashauri yako. Masuala ya ubora na usalama wa bidhaa hushughulikiwa na Shirika la Viwango Tanzania, na masuala ya bidhaa bandia na udanganyifu kwa mlaji hushughulikiwa na Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Usione haya kulalamikia kitu cha bei ndogo. Kitu hicho kimo katika kila nyumba ya kijiji hiki, na kasoro yake ikinyamaziwa katika nyumba moja, inabaki katika zote.

Ndugu wananchi, tukifika nyumbani leo, kila mmoja wetu aichukue stilwaya yake, aigonge juu ya karatasi nyeupe, aone kilichodondoka. Karatasi ikibaki tupu, aioshe, aitundike, iendelee na kazi. Ikiwa na hata kipande kimoja, basi mkutano huu umekwisha kumfaa mtu.