Mtoto Akiungua Kituoni

Tuseme mtoto wa kituo cha yatima hapa Buzebazeba kamwagikiwa uji wa moto mkononi. Mlezi anakimbilia dawa ya meno, jirani analeta mawese. Acheni vyote! Mmwagilieni maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Funikeni kwa kitambaa safi. Kisha mpelekeni Hospitali ya Maweni.

Kazi haijaisha. Mtoto wa nyumbani ana mama wa kuuliza, "Imekuwaje?" Huyu hana. Basi mlezi aandike siku, saa na chanzo, na ofisa wa ustawi wa jamii aarifiwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka hata jirani atoe taarifa haki ya mtoto inapovunjwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.